Ng'ombe wa Baba na Kesi ya Jamhuri

Baba alipofariki alituachia chai kidogo huku Kabianga na ng'ombe mmoja aliyekuwa Sigor. Kwetu mtu mwenye shamba dogo, lililojaa chai mpaka karibu na mlango, humpeleka ng'ombe kwa rafiki mwenye nyasi. Rafiki hukamua, watoto wake hunywa maziwa, na ng'ombe hubaki wa mwenyewe pamoja na ndama atakaowazaa. Hakuna kuandikiana. Kumletea rafiki karatasi atie sahihi ilikuwa sawa na kumtukana mbele ya mkewe.

Rafiki wa baba aliyemtunza ng'ombe huyo kule Sigor alikufa muda mfupi baada ya baba, nami nikaenda kumrudisha ng'ombe wetu. Nilimkuta mjane wake. Tuliomba pamoja, tukawalilia wazee wetu kidogo, kisha akanifungulia zizi kwa mkono wake. Mwanawe mkubwa hakuwepo, alikuwa akifanya kazi katika shamba kubwa la majani chai. Aliporudi na kukuta zizi tupu, mamake alimweleza, lakini kijana huyo alikuwa amekua akimwona ng'ombe yule pale nyumbani na hakuna aliyewahi kumwambia ni wa watu. Akaenda polisi, nami nikakamatwa.

Shtaka lilisomwa kwa Kiingereza, karani wa mahakama akaligeuza Kiswahili: wizi wa mifugo, kwamba mimi, pamoja na wengine ambao hawakuwa mbele ya mahakama, tuliiba ng'ombe. Hao wengine nimewatafuta kichwani miaka yote hii. Nilikuwa peke yangu na fimbo.

"Ni kweli ama si kweli?" karani akaniuliza.

"Ng'ombe nilichukua, lakini ni wa baba—"

"Jibu moja. Kweli ama si kweli?"

Nikasema si kweli, na moyo ukaniuma, kwa sababu nilifundishwa kwamba mtu muungwana hukubali kwanza alichofanya ndipo aeleze sababu. Pale hapakuwa na nafasi ya sababu. Hakimu aliandika, akataja dhamana na siku ya kurudi, na mshtakiwa mwingine akaitwa.

Baba mdogo ndiye aliyenidhamini. Alileta hati ya shamba lake, shamba alilopanda chai kwa mikono yake shina baada ya shina, akaikabidhi mahakama. Aliniambia nisiwe na wasiwasi. Mimi wasiwasi haukuniisha, maana wenzangu wa kule seli walikuwa wameniambia wizi wa mifugo unaweza kumweka mtu ndani mpaka watoto wake wasahau sura yake.

Wazee wa pande zote mbili hawakungoja mahakama. Walikutana Sigor, kwa yule mjane. Alieleza jinsi mumewe alivyompokea ng'ombe, na siku ile ile mwanawe akainamisha kichwa, akasema hakujua. Ikaamuliwa ng'ombe abaki kwetu, na ndama wa kwanza atakayezaliwa akiwa kwetu apewe yeye kwa ile miaka ya kumtunza. Tulikunywa mursik, maziwa yetu ya kuganda, kutoka kibuyu kimoja, mimi na yeye. Mzee mmoja akasimama.

"Hii maneno imekwisha," akasema. "Mtu asiifufue tena."

Kwetu ukishakunywa hivyo, kumrudia mwenzako kwa jambo lile lile ni kuonyesha kwamba ulikunywa kwa moyo wa uongo. Kwa hiyo siku ya kesi ilipofika mimi nilikuwa kwenye chai, baba mdogo alikuwa akipalilia mahindi, na yule kijana alikuwa kazini. Hakuna aliyesahau. Kila mmoja wetu alikaa mbali na mahakama kwa heshima ya mwenzake.

Polisi walikuja na naibu wa chifu, wakanikuta na kikapu mgongoni. Walikuwa na waranti.

"Lakini afande, sisi tulipatana," nikasema.

"Ulipatana na nani?"

"Na yule alinishtaki."

"Aliyekushtaki ni Jamhuri. Huyo wa Sigor ni shahidi tu. Kwani ulikunywa maziwa na Jamhuri?"

Mwenzake alicheka. Mimi nilikasirika, na hasira hiyo sijaimaliza. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba kesi ni ya Jamhuri, na kwamba kupatana nyumbani hakuimalizi. Hakimu, karani, polisi walioandika maneno yangu, wote walidhani ni jambo ambalo kila mtu anazaliwa akilijua.

Nilirudishwa rumande, dhamana ikafutwa. Lakini si hilo lililonivunja. Baba mdogo aliitwa mbele ya hakimu aeleze kwa nini shamba lake lisichukuliwe, kwa kuwa mtu aliyemdhamini hakufika. Alivua kofia. Nilimwona mzee yule, ambaye wazee wenzake humnyamazia akianza kusema, akitafuta maneno ya Kiswahili kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mheshimiwa, kijana hakutoroka. Tulikuwa tumemaliza. Kama ni makosa, ni yetu wazee."

Nilikuwa tayari kusema niliiba, nifungwe, mradi wamrudishie hati yake. Naamini ningesema kama hakimu hangempa muda alete yule mlalamishi.

Kijana wa Sigor aliomba ruhusa kazini, akaja. Hakimu alimuuliza kama ametishwa au amelipwa. Akajibu hapana, kwamba mambo yalimalizwa nyumbani na ng'ombe si wake. Kiongozi wa mashtaka alisimama, akaomba kuondoa kesi. Tukatoka nje, baba mdogo na hati yake ndani ya mfuko wa nailoni, na karani akatufuata kutufafanulia. Yeye angalau alijali.

"Umeachiliwa. Lakini ujue polisi wakitaka wanaweza kukuleta tena kwa maneno haya haya."

"Mpaka lini?" baba mdogo akauliza.

"Hakuna siku imeandikwa, mzee."

Tangu hapo, nikisikia Land Rover, gari kama lile la polisi, ikipanda kilima, mikono ilikuwa ikisimama juu ya majani mpaka ipite. Mke wangu alinicheka, kisha akaacha kunicheka. Baba mdogo alianza kuwarudisha ng'ombe wake waliokuwa kwa marafiki, mmoja mmoja, na barua ya chifu mkononi. Marafiki waliwatoa bila ubishi. Kisha wakaacha kuja kwake.

Ng'ombe wetu alizaa ndama jike, na alipoachishwa kunyonya kijana wa Sigor akaja kumchukua kama ilivyoamuliwa. Mke wangu alimkaribisha, akamtilia chai. Nami nikatoa karatasi niliyokuwa nimeiandika, inayosema kwamba ndama ni wake kwa haki na hakuna anayemdai mwenzake, nikamwomba atie sahihi. Niliona aibu, lakini sikuirudisha mfukoni.

Aliisoma polepole.

"Tunaipeleka wapi hii?"

"Hatuipeleki popote. Ni yangu tu, nipate usingizi."

Alitia sahihi, akamfunga ndama kamba, akamuaga mke wangu kwa heshima zote. Chai yake ilibaki mezani, hakuwa ameigusa.