Kilio cha Watu Wawili Shambani

Nakumbuka mchana mmoja wa mavuno ya maharagwe, shangazi yangu alipoingia jikoni kwa mama, akatazama sahani zilizopangwa kwenye mkeka, akauliza ya Safari iko wapi. Swali dogo tu. Lakini nikuambie kabla sijaendelea, mwanangu, kwamba mama yangu alikufa kwa sababu ya swali hilo, na mpaka leo, mvi zimenijaa kichwani, sijawasamehe wote waliokuwa uani kwetu siku ile. Sikukuita hapa nikupe maneno matamu. Maneno matamu utayakuta kwenye vitabu.

Safari alikuwa kaka yangu mkubwa. Sisi ni watu wa mlimani, upande wa Ngungu, watu wa jembe, maharagwe na muhogo. Msimu mmoja maharagwe yalikosa mnunuzi kwetu, mama akamwambia Safari ashuke na wenzake wakauze Hombo, kule barabara ya Bukavu inapoingia Walikale. Ni mwendo wa porini, mzigo mgongoni. Wenzake walirudi bila mizigo na bila yeye. Walisema walisikia risasi, kila mtu akakimbia kivyake, na walipojikusanya tena Safari hakuwepo. Hakuna aliyemwona ameanguka, wala hakuna aliyemwona amesimama.

Sasa sikiliza desturi yetu, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Kwetu mtu akifa, watu hukusanyika uani, moto unawashwa, majirani wanaleta kuni na chakula, na kila anayefika lazima ahadithiwe upya: marehemu alianza kuumwa vipi, alisema nini, alikata roho namna gani. Mwenye msiba anasimulia mpaka sauti inakauka. Nilipokuwa mtoto niliona ni mateso, kumrudisha mama wa watu kila mara kwenye kifo cha mwanawe. Baadaye nilielewa kwamba ile ndiyo dawa yenyewe, kwani kila aliyesikiliza aliondoka na kipande chake. Kifo cha wengi harusi, walisema wahenga, na hapo hawakukosea.

Lakini kilio hakifanywi bila maiti. Kumlilia mtu ambaye huenda yuko hai ni kumfungia njia ya kurudi, ndivyo tulivyolelewa. Baba yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo neno lilikuwa la baba mkubwa, kaka yake, naye alilitamka mbele ya ukoo.

"Hatuliliake muntu mwenye hatuyamuona mwili," alisema. "Safari iko njiani. Mama yake, umuwekee chakula, akirudi akute."

Basi mama akawa anampakulia. Mchana na jioni, ugali na sombe ya majani ya muhogo, sahani ya Safari kando ya moto, mpaka inapoa, mpaka kuku wanaimaliza. Hakuna aliyekuja kukaa naye, maana hakukuwa na msiba. Hakuna aliyemuuliza habari, maana hakukuwa na habari. Njiani walimsalimia haraka haraka na kumwambia avumilie, kisha walipompita walinong'onezana kwamba ni yeye aliyemtuma. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mama aliumia kweli. Aliacha kulala. Aliacha kujipaka mafuta. Siku moja nilimkuta shambani amesimama kwenye mstari mmoja wa maharagwe tangu asubuhi, jembe mkononi, ardhi haijaguswa.

Mimi, binti yake, wakati huo nilikuwa nimeacha sekondari kwa sababu ya vita. Madamu mmoja aliyenifundisha shule ya msingi aliniona ninavyokonda, akanipa kitabu cha Kifaransa alichopewa kwenye mafunzo huko Goma. Kilikuwa kitabu cha kumwonyesha mtu namna ya kujisaidia anapolemewa moyoni. Siku hizi vimejaa, mnavisoma hata kwenye simu. Nikikikumbuka nacheka, ila si kwa furaha. Kiliniambia kila asubuhi nifungue dirisha, nitazame bustani. Nyumba yetu haikuwa na dirisha. Kiliniambia nisimame mbele ya kioo niseme kwamba mimi ndiye bwana wa siku yangu. Wenye bunduki waliokuwa wakipita mlimani kwetu walikuwa na maoni mengine juu ya bwana wa siku yangu. Aliyekiandika, nadhani, alilala kwenye nyumba yenye mlango wa kufunga kwa ufunguo.

Lakini nisikidhulumu. Katikati yake kilikuwa na jambo moja la kweli: kama kuna kitu huwezi kukisema, kiandike, kila siku kidogo, bila kujali mwandiko. Nikachukua daftari la shule lililokuwa na kurasa tupu, nikaanza. Nilimwandika Safari. Namna alivyokuwa akipiga mluzi akifunga mzigo. Namna alivyonipiga kofi siku moja, kisha akaniletea muwa bila kuniomba radhi. Nililia juu ya karatasi, na nilipomaliza nilisikia njaa, njaa ya kweli, ambayo nilikuwa nimeisahau.

Mama aliniona. Tulikuwa tumepumzika mwisho wa shamba, akaniuliza ninaandika nini.

"Naandika ile siwezi kusema," nikamjibu.

Hakuwa ameingia darasani hata siku moja maishani mwake.

"Na miye niandikie," akasema.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila tulipopumzika kulima, yeye alisema, mimi niliandika. Mwanzoni maneno mawili matatu, kisha yakaja kwa wingi hadi vidole vikaniuma. Alisema jinsi alivyomzaa siku ya mvua ya mawe. Alisema kwamba asubuhi ile ya safari mtoto hakutaka kwenda, mguu ulimuuma, na yeye akamwambia ni uvivu tu. Hilo alilirudia mara nyingi sana, na kila mara niliandika tena, kwa sababu niliwakumbuka watu wa kwenye kilio, ambao hawamwambii mwenye msiba kwamba hayo tumeshasikia. Siku nyingine alitaka nimsomee. Aliinamisha kichwa, akawa anaitikia, "Njo vile, njo vile." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mwanangu, na mimi nilikuwa kalamu tu.

Mama akaanza kulala. Akaanza kula. Mara nikasikia anamtania jirani juu ya mbuzi wake mwizi wa majani ya viazi, akacheka, nami nikaacha kupepeta maharagwe nisikilize kicheko kile. Na siku moja, bila kuniambia, hakupakua sahani ya Safari.

Hapo ndipo shangazi alipoingia. Hakuja kwa ubaya, alikuja kuomba chumvi. Mama angeweza kusema sahani imevunjika, na mambo yangeishia pale. Lakini mtu aliyeanza kupona haoni haja ya kudanganya.

"Nilishamulilia mutoto wangu," alisema. "Miye na binti yangu, kule mu shamba. Tuliandika yote."

Shangazi aliisahau chumvi yake. Kabla jua halijashuka ukoo mzima ulikuwa uani, na baba mkubwa kwenye kiti. Ningependa kukuambia kwamba alikuwa mtu katili, ingekuwa rahisi kwangu. Hakuwa katili. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu ya mkubwa hulipwa na wadogo.

"Mumemuzika mutoto yetu bila siye," alisema polepole. "Akiwa kule mu pori anatafuta njia, nyinyi munamufungia. Asiporudi, nani atajibu? Ile daftari ilete hapa. Mama yake, uiweke mu moto weye mwenyewe."

Mimi ndiye niliyelileta. Nilikuwa nimesoma kuliko wote waliokaa pale, na sikutoa hata neno moja. Mama alilipokea, akanitazama, akaliweka motoni. Kisha akaambiwa apakue, naye akapakua.

Tangu siku hiyo hakuzungumza tena habari za Safari, na baadaye hakuzungumza habari zozote. Nilimletea daftari jipya, akaligeuzia mgongo. Nilimsomea kile kitabu, yale ya dirisha na kioo, kwa kuwa sikuwa na kingine, akanitazama tu kama mtu anayesubiri mvua ipite. Chakula chake mwenyewe alikihamishia kwenye sahani ya Safari. Hakuna aliyesema tumpeleke kituo cha afya. Walisema ni huzuni, na huzuni haina sindano. Msimu uliofuata wa maharagwe haukumkuta.

Kilio chake kilikuwa kikubwa, mwanangu, ungekiona. Maiti ilikuwepo. Moto uliwashwa, kuni zilirundikwa, na kila aliyefika alihadithiwa na baba mkubwa mwenyewe kwamba marehemu aliumwa presha. Alilia kuliko wote. Wale waliokuwa wakimpita mama haraka njiani, siku hiyo walipata nafasi ya kukaa tangu asubuhi mpaka jioni. Mimi nilijificha nyuma ya nyumba na kile kitabu, nikikipekua kutafuta ukurasa ulioandikwa kwa ajili ya mtu kama mimi.

Huko alinikuta mjane mmoja mzee, jirani yetu wa shamba, tuliyemwita Mama Sifa. Aliketi kwenye nyasi, akakichukua kitabu, akakigeuza huku na huku, akanirudishia.

"Iko muzuri?" akauliza.

Nikamwambia sijui tena.

"Nasikia mulilia wawili, weye na mama yako, mu shamba. Shamba yenu iko kando ya yangu. Miye nilikuwa pale, nalima, na watoto yangu wawili nao hawayarudi. Mbona hamukuniita?"

Nilikifunga kitabu.

"Tungekuwa wamama kumi," akaendelea, "nani angesema tuweke kitu mu moto? Kitabu ilikufundisha kuandika peke yako, sawa. Lakini kilio, nani alikufundisha kama ni ya kujificha? Ulikuwa na kinywa, ukanyamaza. Sasa unasoma nini?"

Alisema bila hasira, na ndiyo maana yaliniingia. Tulikuwa tumeichukua desturi nusu nusu, mama na mimi: tulichukua kusimulia, tukawaacha watu. Maneno yaliyokuwa yakimponya yalikuwa na msikilizaji mmoja tu, tena mwoga. Kidole kimoja hakivunji chawa, nilikuwa nimelisikia hilo tangu sijaota meno, na halikuwahi kunijia akilini pale shambani.

Baada ya mazishi baba mkubwa aliniita, akaniambia sahani ya Safari sasa ni kazi yangu. Nikapakua, kama alivyotaka. Lakini sikuiweka kando ya moto. Niliibeba mchana kweupe, nikapita nayo mbele ya nyumba yake, nikaipeleka kwa Mama Sifa, tukaila sisi wawili huku tukisimuliana, yeye wanawe na mimi kaka yangu na mama yangu. Siku zilizofuata wakaja wanawake wengine, kila mmoja na mtu wake asiyerudi. Baba mkubwa alituona. Alikohoa, akaingia ndani, na hakuna aliyeitwa uani. Ungedhani nilifurahi. Nilikaa katikati ya wanawake wale nikiwa na hasira, kwa sababu kumbe lilikuwa jambo rahisi hivyo, na mama yangu alikuwa ameshaoza. Safari hajarudi mpaka leo.

Sasa nikuambie nilichokuitia. Nawaona vijana, hapa kambini tulikokimbilia vita na huko mlimani, mnasoma vitabu hivi, mnaandika, kisha mnayaficha madaftari chini ya magodoro. Someni. Andikeni. Atakayewaambia ni mambo ya wazungu, mwambieni aje kwangu. Lakini kitabu ni fimbo ya kutembelea, miguu ni watu. Kikikuambia furaha yako iko mikononi mwako peke yako, kisamehe na ufungue ukurasa mwingine, kwa sababu hakijui ni nani aliyeichoma nyumba yenu. Chukua linalokufaa, usijilaumu kwa lisilokufaa. Ulichokiandika, mtafute mtu mmoja umsomee hata mstari, kisha mtafute wa pili. Mficha maradhi kilio humfichua. Usingizi ukikukimbia na chakula kikikataa kushuka, nenda kituo cha afya, useme bila haya kama mtu anayesema ana malaria, na ukimwona mwenzako katika hali hiyo, mpeleke, usimwambie avumilie. Na siku wazee tutakapokuagiza ukitupe motoni kitu kinachokuponya, hata nikiwa mimi, kataa. Piga magoti ukitaka, ita kila mtu kwa cheo chake, lakini kataa. Heshima niliyowapa wakubwa wangu siku ile, mama yangu ndiye aliyeilipia.

Mungu akuepushe na kungoja kule, mwanangu. Na ikiwa ni lazima ungoje, akupe usingizi, akupe njaa unapoamka, akupe majirani wasio na haraka, na siku ya kusema akupe ile sauti niliyoikosa mimi. Amina. Nenda salama, na ukimwona mwenzako analima kando ya shamba lako peke yake, mwite.