Mdaa wa Bi Mwanapili

Tuwekeane dau. Ukiyaamini haya mpaka mwisho, njoo Kibuteni uchukue ng'ombe wangu, na gari ntaivuta mwenyewe. Lakini huamini, najua. Hata wenzake walikuwa wakimcheka: mtu mzima na wajukuu zake, anabeba udongo kichwani anaupeleka msituni, anaulisha mti usiopandwa na mtu.

Mtu huyo ni Bi Mwanapili. Mimi ni Usi, mchukuzi wa kuni, na kwa uwanda huu wa kusini usiniambie kitu. Skuli niliacha darasa la tano, mwalimu akashukuru. Lakini nifunge kitambaa machoni unitie msituni, ntakutajia miti kwa kunusa. Huu mkwamba. Huu mlapaa. Na ukinisikia nnalia, basi huo mjafari, una miba.

Uwanda kwetu ni jiwe tupu. Udongo upo kwenye vishimo tu, kiasi cha kujaa kofia, na miti inaishi kwa kupenyeza mizizi kwenye nyufa, inakwenda kunywa huko chini tusikokuona. Mdaa ni mmoja wao. Mti mfupi, mgumu, hauna sura. Lakini ponda mizizi yake, chemsha na ukindu, kisha uzike ule ukindu kwenye matope ya mikoko, unatoka mweusi. Mikeka ya Bi Mwanapili ilichakaa, ikatoboka, weusi ukabaki pale pale.

Zamani midaa ilikuwa mingi. Ikaliwa na kuni na matanuu ya chokaa, na shoka langu lilikuwemo, sikatai. Ukabaki mmoja wa maana, nyuma ya kijiji, na huo ndio aliokuwa akichimba. Anachukua mzizi upande mmoja tu, halafu anaziba kwa udongo wa jaani kwake, kauchanganya na jivu.

"Bi Mwanapili," nilimwambia siku moja, "na mimi nnasikia njaa, huniletei beseni?"

"Wewe nimekula nini chako mpaka nikulishe? Huyu nimemla mguu."

Mwaka ule alikuwa anashona mkeka wa Shahida, mwanawe wa mwisho. Wenziwe wote walishapata, kila mmoja mkeka wa kitanda wenye mistari myeusi. Shahida kaolewa Jang'ombe zamani, wake bado. Bi Mwanapili kafika nao nusu, ndipo sukari ikamshika mguu, Shahida akaja kumchukua amuuguze mjini. Na mwezi ule ule tukasikia kipande kile cha uwanda kishanunuliwa, tajiri anataka kujenga.

"Siendi," akasema Bi Mwanapili. "Mdaa nnamwachia nani?"

"Mama, rangi si ipo sokoni Mwanakwerekwe, kopo zima," Shahida akamwambia.

"Ile ukiikalia na jasho, unaondoka nayo."

Hapo nikaingia mimi na mdomo wangu. Nikasema mti ntauhamisha. Nikasema mimi nikishika mti unaota, hata nguzo ya umeme nikiichomeka itatoa majani. Shahida akacheka. Bi Mwanapili hakucheka, aliniangalia kama anayetaka kuamini.

Tukaenda na mtaimbo na shoka, yeye kakaa juu ya gari na mguu wake umefungwa kitambaa. Nikavunja jiwe asubuhi nzima. Mizizi ya pembeni ikatoka vizuri, na udongo wake alioulisha. Lakini mzizi wa kati ulikuwa umeingia kwenye ufa, mnene kama mkono wangu, hauna mwisho.

"Usi, ungekuwa unachimba kwa maneno yako tungeshafika maji."

"Huu nnaukata."

"Usiukate, mwanangu. Huo ndio anaonywea."

"Mjini kuna bomba," nikamwambia. Nikaukata.

Tukaupanda uani kwa Shahida, karibu na jiko. Udongo wa pale mzuri, mchicha ukiutupa tu unaota. Mdaa ukaanza kupukutisha majani. Bi Mwanapili akaumwagilia, ukazidi. Akaacha kumwagilia, ukazidi. Mara nyengine nikifika nnamkuta kakaa kando yake na kibao chake, na shinani kapanga mawe, anasema mti umekumbuka kwao. Mkeka umekunjwa pembeni, sindano imo ndani.

Shahida akamwambia achimbe mzizi kidogo, amalize ile kazi.

"Mgonjwa huyu. Nimkate tena?"

Mti ulipokauka kabisa ndipo akakubali. Wakaponda, wakachemsha, wakazika matopeni. Ukindu ukatoka rangi ya chai iliyopoa. Akauangalia, akauanika, hakuushona.

Mara ya mwisho niliyokwenda nilimkuta kitandani. Mguu ulishakatwa hospitali. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanishika mkono.

"Usi, ule mzizi uliobaki kwenye ufa, haukuchipua?"

"Bi Mwanapili, kule ukuta wa tajiri ushapita. Hakuna kilichobaki, hata jani."

"Uliteremka ukaangalia?"

"Kila siku nnapita pale na gari. Mimi huniambii kitu kuhusu uwanda."

"Ningesema unipeleke," akasema. Kisha akageukia ukutani.

Akafa kabla ya mfungo. Kwenye hitima watu walikuwa wengi, mikeka haikutosha, Shahida akautoa ule. Nikaukalia. Mistari ilikuwa myeusi mpaka katikati, halafu ikakoma, na ncha za ukili zinaning'inia hazijashonwa. Mwanamme mzima nikajifanya moshi wa ubani umeniingia machoni.

Juzi ng'ombe wangu alikata kamba akakimbilia kule kwa tajiri. Ujenzi umesimama, ukuta umefika nusu. Nikazunguka nyuma nimtafute, nikamkuta anatafuna. Pale penye ufa, hatua chache nje ya ukuta, mdaa umechipua. Matawi mengi, magumu, yananifika kiunoni. Miti ya uwanda haikui haraka, kwa hiyo siku aliponiuliza ulikuwa ushatoka.

Nikamvuta ng'ombe. Nikachota udongo kwa kofia, nikaumwaga pale.

Nilimwambia hakuna kilichobaki. Nilikosea.