Okidi na Kisoda cha DAP

Jumanne, nikiwa kwenye foleni kwa agroveti moja, duka la mbegu na mbolea hapa Kitale, mama mmoja aliweka sufuria juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na ua la okidi lenye majani ya manjano, limezikwa kwa udongo hadi shingoni.

"Nimeweka samadi na mbolea ya DAP, kisoda kimoja cha chupa, kama mahindi. Nikapalilia mara mbili. Na bado inakufa."

Muuzaji alivuta mzizi mmoja, ukamkatikia mkononi. Akapangusa vidole. "Uliitoa wapi, mama?"

"Nyumbani, Matulo. Ilikuwa juu ya mti wa marehemu mama yangu tangu nikiwa msichana."

"Na huko juu, nani alikuwa anaiwekea mbolea?"

Mama akatazama sufuria. "Hakuna."

"Basi itoe kwa udongo. Kata mizizi iliyooza, halafu uifunge kwa gome la mti, mahali pa kivuli. Inataka hewa na mvua tu."

Mama akaifunika na leso polepole. "Nipatie kamba. Na DAP kilo moja."

"Si nimekwambia haitaki?"

"Hiyo DAP ni ya mti."

Sikucheka. Huku kwetu, kitu ambacho hujakiwekea DAP, bado hujakipenda.