Dakika ya Arobaini na Mbili

Ukiingia maktaba ya wilaya pale Biharamulo siku ya Alhamisi, soko likishapoa, utamkuta Anjelika, wengine humwita Mama Iteka, kwenye kompyuta ya pembeni, hedifoni juu ya kilemba, kikapu cha maharage kati ya miguu. Wenzake huja kusoma magazeti. Yeye huja kutazama michezo ya jukwaani ya zamani, ile ya nyimbo mwanzo mwisho. Novatus, mtunza maktaba, aliziokota kanda za michezo hiyo kwenye boksi la parokia, akazihamishia kwenye kompyuta, na tangu hapo amepata mteja asiye na simile. Akikuta kiti chake kimekaliwa, Anjelika husimama nyuma ya mtu, kimya, mpaka mtu aondoke mwenyewe.

Mchezo wake ni mmoja tu, Harusi ya Ruvubu, ule mto wa kule Ngara. Vijana wa Ngara waliuigiza mwaka 1998, Anjelika akiwa msichana kutoka kijiji cha Mabawe. Anayeng'ara humo ni rafiki yake Tecla, aliyeigiza mama wa bibi harusi. Sauti inapanda mpaka unahofia mabati! Benedicto, dereva wa lori, alikuwa miongoni mwa watazamaji, na mwaka haukuisha akapeleka mahari kwa kina Tecla. Jina la Anjelika hulisikii popote. Yeye alikuwa mvuta pazia.

Basi mwaka huu parokia ikaamua kuuigiza tena mchezo ule kwenye jubilei ya kanisa. Anjelika akajiambia, hapa hapa. Nafasi ya mama aliitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, na mazoezini akainua mkono kuiomba. Gervasi, mwalimu wa kwaya, kijana wa shati lililonyooka, akatabasamu kwa adabu.

"Mama Iteka, wewe tunakutegemea kule nyuma. Hapa nataka sauti ile ya kwenye rekodi. Nimeshampigia Mama Tecla, yuko Nyakanazi, ana mgahawa wake. Kasema atanijibu."

Nyuma! Yaani nyuma tena! Hasira zilimpanda Anjelika hata kesho yake sokoni akawapimia watu maharage bila nyongeza, hata punje moja. Jioni akampigia Tecla.

"Ile nafasi naitaka, na safari hii nitasema."

Tecla akaangua kicheko. "Sema, dada yangu! Miaka yote hii Benedicto ananiomba nimwimbie, mimi nasingizia mafua. Nimechoka na mafua." Anjelika akamwomba na jambo lingine, na Tecla akacheka tena.

Alhamisi akamwita Gervasi maktaba. Kijana akaja mbio mbio, akaangalia saa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Akamvika hedifoni, akaipeleka rekodi moja kwa moja dakika ya arobaini na mbili. Dakika hiyo anaijua kama njia ya shambani kwake.

Kwenye kioo, Tecla anamuaga binti yake, mikono juu. Anarudi hatua moja, anakanyaga kitenge chake, na puu! Chini, uso kwenye mkeka. Lakini sauti haikatiki. Inazidi kupanda, safi kabisa, huku mwimbaji akipapasa kutafuta kiatu na mdomo kaufumba kwa aibu. Watu wa siku ile walicheka wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Gervasi akarudisha nyuma. Akatazama tena. Akarudisha tena.

"Sasa sauti inatoka wapi?" akapayuka, maana mwenye hedifoni hajisikii. Wasomaji wote wakageuka.

"Nyuma ya pazia," alisema Anjelika, akimvua hedifoni. "Siku ile koo la Tecla lilifunga kabisa. Nikamwambia fungua mdomo tu, mimi nitaimba. Mimi nimeshika kamba, simwoni, nitajuaje kwamba kaanguka?"

"Na siku zote hizo hukusema?"

"Mchumba alishapatikana, nimharibie? Halafu nani angemsikiliza mvuta pazia?"

Gervasi akakuna kichwa. Ni mbishi, lakini si mtu mbaya. "Nakuamini, mama. Ila ndiyo hivyo, miaka imekwenda. Sauti nayo inachakaa."

Anjelika akasimama, akasogeza kikapu kwa mguu, akaimba. Humo humo maktaba, ambamo hata ukikohoa Novatus anakuonyesha kidole! *Nenda mwanangu, mto ukiuvuka usigeuke.* Alianza chini, akapanda pale pale alipopandia akiwa msichana, na hakutetereka. Novatus alitoka mbio kwenye meza yake, kidole mdomoni, akafika katikati ya makabati akasimama. Wanafunzi waliokuwa wakisomea mtihani waliacha kalamu. Alipomaliza, mmoja akapiga makofi, na Novatus hakumkemea.

Gervasi alikuwa amesimama, hajui hata alisimama saa ngapi.

"Nafasi ni yako, mama. Nisamehe," akasema. "Mazoezi Jumanne saa kumi. Lakini sasa nimebaki bila mvuta pazia, maana kazi hiyo nilikuandikia wewe."

Anjelika alikuwa ameshajitwisha kikapu chake.

"Pazia atavuta Tecla," akasema. "Nilishaongea naye. Anakuja na basi la Jumanne."