Shavu la Ryoba na Mkono wa Hosea

Hosea alitoka Kahama kufuata dhahabu, kama wengi wanavyokuja Tarime na begi dogo na matumaini makubwa. Shimo likamkataa. Akarudia kazi aliyoiweza tangu utotoni, kuchora: ng'ombe kwenye ukuta wa bucha, misuko kwenye mlango wa saluni, na sura za watu kwa makaa. Hapa Itiryo hakuna anayemfikia. Ndiyo maana nilimwita anichoree marehemu mume wangu, Ryoba, kutoka kwenye kipicha cha kitambulisho, maana nyingine sina. Jumamosi padre angekuja kubariki kaburi, na nilitaka watu wamwone mzee.

Alianza Jumatatu, uani kwangu. Jioni nikaenda kuangalia. Jicho lilikuwa la Ryoba kabisa, lile la kukadiria ng'ombe wa mtu. Lakini shavu lilikuwa limechafuka, weusi umeburuzwa mpaka sikioni. Akasema kiganja kimepita juu ya makaa, atarudia. Jumanne akarudia, akaharibu. Jumatano vilevile, ikabaki karatasi moja. Nilishampa sabuni, nikampa na kitambaa cha jasho. Fundi gani huyu anayelalia kazi yake?

Mimi nimeishia darasa la saba, la enzi ile, siyo hili la leo, lakini mambo ya rangi nayajua. Tukiwa wasichana tulipamba kuta za nyumba kwa majivu, udongo mwekundu na masizi. Mama alitufundisha kuanzia juu, na mkono usiegemee palipokwisha kupakwa. Aliyeegemea alirudia ukuta mzima, hata kama wenzake wameshakwenda mtoni.

Alhamisi nikachungulia dirishani. Hosea alikuwa peke yake, anachora kwa mkono wa kushoto, mwepesi kama anayemgusa mtoto aliyelala. Mara wifi yangu Wegesa akaingia uani. Kijana akahamishia kipande cha makaa mkono wa kulia upesi, akaamkia shikamoo, akaendelea na huo wa kulia. Nao hauna nguvu ya kujishikilia. Kiganja chote kikalala kwenye karatasi ile ya mwisho, bahati tu palikuwa bado peupe.

Nikatoka.

"Kumbe wewe ni wa kushoto?"

"Ndiyo, bibi."

"Na huo wa kulia unachorea tangu lini?"

"Tangu nifike hapa kwako. Siku ya kwanza nilipokea uji kwa kushoto, ukaniuliza kama nililelewa na fisi."

Wegesa alicheka mpaka akakaa chini. Ni kweli nilisema. Kwetu kitu cha mkubwa hakipokelewi kwa kushoto, na neno langu silirudishi. Lakini nani alimwambia makaa ni uji? Siku nne, karatasi tatu, mtu mzima anaona aibu kufungua mdomo.

Nikamwamuru achore kwa mkono aliopewa na Mungu. Aanzie upande wa kulia wa karatasi aelekee kushoto, ili kiganja kikae kwenye peupe. Karatasi ilikuwa juu ya ubao. Nikaweka tofali huku na huku, nikalaza mwiko mrefu wa ugali juu yake, mkono uegemee hapo. Waliokuja kusalimia niliwazuia mwenyewe njiani. Ijumaa alasiri Ryoba akakamilika, shavu safi, na ule mkunjo wake wa kutokukubali hasara.

Jumamosi ikaja, nami sikusikia hata nusu ya sala. Picha haikuwa na kioo, na watu wetu wakimpenda mtu ni lazima wamguse. Wegesa akawa wa kwanza, machozi yanamtoka, vidole vimenyooshwa kumpapasa shavuni.

"Mtazame kwa macho," nikamwambia.

"Ni kaka yangu."

"Ni makaa, Wegesa."

Nyuma yake ukoo mzima ulikuwa umepanga foleni. Hosea alikuwa amekaa na wazee, anakula nyama. Mimi nilisimama mbele ya mume wangu mpaka jioni, nikikamata mikono ya watu, na wa padre pia.