Kapu la Shangazi

Niliporudi kazini baada ya likizo ya uzazi, binti yetu alikuwa hajafikisha miezi mitatu, na mimi nilitembea na kiburi cha mtu aliyeyaweza maisha. Nilikuwa mapokezi katika loji moja juu ya mji wa Karatu. Asubuhi nilipokea wageni waliotaka kujua kama maji ya moto yapo na kama faru wataonekana, mchana nilikimbia nyumbani kunyonyesha, kisha nikarudi kaunta nikiwa nimejifunga kitenge juu ya sare ili maziwa yasinivue nguo mbele ya watu. Wenzangu waliniuliza nawezaje. Nilijibu kwa majivuno kwamba ni mipango tu.

Haikuwa mipango. Alikuwa Shangazi. Si shangazi wa damu. Alikuwa mjane wa mtaa wa pili, mwanakwaya mwenzake mama yangu, na sikuwa na ulimi wa kumwita yaya mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Alikuja kila asubuhi kabla jua halijakolea, mkononi kapu lake la plastiki la mistari ya bluu, na jioni aliondoka nalo. Mwanangu alijifunza kucheka kwake kabla hajacheka kwangu. Liliniuma kidogo, lakini si la kumlaumu mtu.

Mbali na kazi na mtoto kulikuwa na jambo la tatu, ambalo mume wangu aliliita mchezo wako ule. Nilidarizi. Bibi yangu mzaa mama, tuliyemwita aama, alituachia sketi ya ngozi aliyoishona kwa shanga alipokuwa mwali, nayo inakaa kwenye sanduku la bati kwa mama. Ukiifungua unaona maduara mekundu na meupe na mistari inayotoka kila duara kwenda kwenye pindo. Nilipokuwa mjamzito nilianza kuyahamisha maduara yale kwa uzi kwenye kitambaa cheupe, kimoja baada ya kingine, saa zile wageni wameshashuka kreta kutazama wanyama na mapokezi pamekuwa kimya. Nilikimaliza nikiwa nanyonyesha. Kwenye kona moja palibaki doa la maziwa ambalo sabuni zote za Karatu zilishindwa kulitoa. Nilikitandika juu ya kochi, na yeyote aliyetaka kukikalia alisikia maneno yangu.

Mume wangu ni dereva wa watalii. Amezaliwa Olbalbal, bondeni chini ya milima ya kreta, ambako mama yake na kaka zake bado wanaishi na ng'ombe wao. Tangu mtoto azaliwe alikuwa akitupia neno: mtoto angekua vizuri bomani, angekunywa maziwa ya ng'ombe anaowajua, mama angefurahi, na mimi ningepumzika na kazi hadi hapo mtoto atakapoacha ziwa. Alilisema akila, alilisema akivua viatu. Nami kila mara nilicheka na kumwambia kazi yangu haina pembe wala mkia kwamba itanisubiri malishoni. Aliacha kulisema. Nilidhani nimemshinda, kumbe nilikuwa nimemfundisha kunyamaza.

Jioni moja nilirudi kazini nikakuta kochi liko wazi. Nilitafuta kwenye nguo chafu, chini ya kitanda, kwenye kamba ya nguo, hata kwenye banda la kuku. Shangazi alisema hajakiona tangu asubuhi. Alilisema taratibu, macho yake yakiwa kwa mtoto na si kwangu, na hilo nikalichukua kuwa ushahidi. Ndivyo kichwa cha mtu aliyechoka kinavyofanya kazi. Nilikumbuka kwamba wiki ile ile alikuwa amekisifia, amekishika kwa vidole viwili na kusema marehemu aama angelia. Nilikumbuka pia kwamba mjukuu wake anaolewa.

Nikamwomba kapu.

Hakubisha. Aliliweka mezani, na mimi, huku mtu aliyenibeba mgongoni akiwa amesimama mbele yangu, nikaingiza mkono ndani. Nilitoa kanga iliyokunjwa, kitabu cha nyimbo za kanisani, vidonge vyake vya presha vilivyofungwa kwenye karatasi, na ndizi moja iliyoiva sana. Nilikung'uta hata ile kanga. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fremu kwa bega, akitutazama. Shangazi alirudisha vitu vyake kimoja kimoja, akambusu mtoto, akatuambia tulale salama. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Nilituma salamu kupitia kwa mama, zikarudi kama zilivyokwenda.

Wiki mbili zilizofuata sizipendi hata kuzisimulia. Mtoto nilimwacha kwa jirani, kwa binamu, siku moja nikaja naye kazini nikamlaza kwenye stoo ya mashuka hadi meneja akamsikia. Ndipo mume wangu akaja na wazo. Chukua likizo ya wiki, akasema, twende sote kwa mama akamwone mjukuu, kichwa kikitulia tutapata mtu mwingine wa kumlea. Alilisema kwa upole hadi nikamwona mwema. Nilimshukuru. Neno hilo la asante bado linanichoma likinijia, kwa sababu nililitoa kwa moyo.

Tulipanda kwenye Landikruza kuukuu ya rafiki yake. Juu ya paa alifunga godoro jipya, bado limo kwenye nailoni. La mama, aliniambia, mgongo unamsumbua. Kwenye lango la hifadhi mlinzi mmoja aliyesoma naye alilitazama godoro, akatutazama, akasema kwa furaha kwamba hatimaye tunahamia nyumbani. Mume wangu akacheka, nami nikacheka. Nilidhani ni utani wa watu waliokua pamoja.

Na safari ilikuwa nzuri, hilo siwezi kulificha. Ilikuwa ya kwanza yetu watatu. Msituni ukungu ulikuwa mzito, matone yakidondoka kutoka kwenye kuvu ndefu kama ndevu zinazoning'inia matawini, kisha kule kwenye ukingo ukafunguka ghafla na kreta yote ikawa chini yetu. Kwa miaka nimewaelekeza wageni kwenda kuitazama, na mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kusimama pale bila haraka. Nilimnyanyua mtoto juu. Alipiga chafya. Mume wangu alitupiga picha, na kwenye picha ile mimi ndiye ninayeonekana na furaha kuliko wote.

Tuliposhuka bonde la Malanja na kuingia kwenye vumbi la Olbalbal, wanawake walitusikia kabla hatujawaona. Walitupokea kwa wimbo. Mama mkwe wangu alinishika kichwa, nikaitikia salamu yake kwa Kimaasai changu cha kubahatisha, wakacheka wote. Kisha akanishika mkono akaniongoza, si kwenye nyumba yake, bali kwenye nyingine iliyokuwa kando yake, ambayo haikuwapo nilipoletwa kama bibi harusi. Kuta zake zilikuwa na rangi ya mavi ya ng'ombe yaliyokauka karibuni, hazina ufa hata mmoja.

Kwa wakwe zangu mwanamume ana lango la boma, lakini nyumba ni ya mwanamke, na ni wanawake wanaoijenga. Wanakata fito, wanazisuka, wanazikandika kwa mikono. Haijengwi kwa siku moja. Na Olbalbal kiangazi kile maji yalifuatwa mbali kwa punda, kwa hiyo kila ukuta uliokandikwa ulikuwa na safari ya mtu ndani yake. Niliinama nikaingia nikiwa bado natabasamu. Macho yalipozoea giza niliona kitanda kikubwa cha fito na ngozi, na pembeni yake kitanda kingine kidogo. Kati ya vitanda viwili kulikuwa na pazia.

Lilikuwa na maduara mekundu na meupe. Nililishika kona ya chini, nikalisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, nikaliona doa la maziwa.

Nilikaa kwenye kitanda kile na mtoto mapajani na machozi yakaja yenyewe, mengi. Mama mkwe alisimama bila kuelewa, akasema neno kwa wifi yangu, yule pekee aliyekwenda sekondari, naye akanitafsiria.

"Yeyo anauliza mbona unalia. Anasema kama kuna mahali hapajakaa vizuri tutapakandika tena. Kaka alisema wewe ndiye uliomba."

"Niliomba nini?"

"Nyumba. Alisema umechoka na kazi za wazungu, umeomba uje umlee mtoto huku. Ndiyo akaleta na hiki kitambaa, akasema umekitanguliza."

Mikono ya mama mkwe ilikuwa na nyufa hadi kwenye viganja. Ndiyo iliyoijenga. Mwanamke wa umri ule alikuwa amebeba maji na kukandika kuta kwa sababu aliambiwa kwamba mke wa mwanawe anampenda kiasi cha kuomba kuja kuishi kando yake. Nilimweleza wifi ukweli, naye akamweleza. Mama mkwe aliuliza mara mbili. Kisha akatoka nje bila kumtazama mwanawe, akaenda kwa ndama.

Mume wangu nilimkuta anafungua kamba za godoro. Nilishikilia kile kitambaa.

"Nilitaka ukifika ukute kitu chako ndani," alisema. "Usijisikie mgeni."

"Na Shangazi?"

Aliendelea na kamba. Nilirudia swali hadi akasimama.

"Nilitaka kusema. Halafu ukawa umeshaanza kupekua."

Watu wameniuliza kilichoniuma zaidi, nyumba au uongo aliomwambia mama yake. Vyote viliuma. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na wangu alikuwa ameegemea fremu ya mlango kwa bega, mikono mifukoni, akinitazama nikikung'uta kanga ya mwanamke mzee kutafuta kitu alichokitoa nyumbani yeye mwenyewe. Angeweza kulimaliza kwa neno moja. Badala yake aliona faida: Shangazi akiondoka mtoto hana mlezi, mtoto akikosa mlezi mimi sina kazi, na nikikosa kazi nitaipenda nyumba ya Olbalbal. Alinitumia mimi kumfukuza.

Tulikaa siku mbili kwa heshima ya wenyeji. Nililala katika ile nyumba na mtoto na wifi. Yeye alilala kwa kaka yake. Sikuweza kuichukia nyumba. Ilikuwa na joto zuri, na mtoto alilala humo vizuri kuliko anavyolala Karatu. Siku ya kuondoka nilimwambia mama mkwe kupitia wifi kwamba nyumba yake nimeipokea, na kwamba kila likizo nitakuja na mjukuu wake, lakini Jumatatu natakiwa kazini. Alishika upande mmoja wa kitambaa, mimi nikashika mwingine, tukakikunja pamoja. Godoro lilibaki kwake. Njiani kurudi, pale ukingoni, aliposimamisha gari akidhani nitataka kutazama tena, niligeuzia uso dirisha la upande wa pili.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa Shangazi na kitambaa mkononi. Nilimkuta uani anapepeta maharage ya ngwara. Nilipiga magoti kwenye maganda. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakabaki machache: kitambaa nimekiona, kilichukuliwa na baba mtoto, mimi nimekukosea.

Aliweka ungo chini, akamchukua mtoto, ambaye alimcheka papo hapo kama vile hakuna kilichotokea.

"Najua nani alikichukua," alisema. "Nilimwona siku ile anakiweka kwenye begi lake la safari."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Nilimuuliza karibu kwa hasira, maana hata katika kuomba msamaha mdomo wangu hauna adabu.

"Ningesema, ungemwamini nani? Na kama ungeniamini mimi, ningekuwa nimevunja nyumba yako. Nilingoja aseme mwenyewe. Alikuwa amesimama pale pale."

Kwa hiyo wote wawili walikuwa wanajua. Katika chumba kile niliyekuwa sijui ni mimi peke yangu, na mimi ndiye niliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Nililia tena, safari hii kwa aibu. Aliniacha nilie. Halafu akasema Jumatatu atakuja, mtoto hana kosa na kazi yangu haina kosa, lakini ana sharti moja.

"Kila jioni nikitoka utalipekua kapu. Na baba mtoto awepo."

Nilimsihi aombe kitu kingine chochote. Alirudi kwenye ngwara zake.

Sasa mtoto anatembea kwa kushika kuta. Mume wangu aliomba msamaha, kwangu, kwa mama yake, na kwa Shangazi mbele ya mzee wa kanisa, na Shangazi alimwitikia vizuri kabisa. Bado tunaishi pamoja. Najifunza kuishi na mtu ambaye namchungulia begi lake kila akisafiri. Kitambaa sijakirudisha kwenye kochi. Nimeanza kingine, polepole, saa zile wageni wako kreta.

Na kila jioni, kabla ya kuondoka, Shangazi huliweka kapu lake mezani na kulimimina. Kanga, kitabu cha nyimbo, vidonge kwenye karatasi. Hunitazama hadi nivishike kimoja kimoja. Mume wangu, asipokuwa safarini, husimama mlangoni kwa sababu hathubutu kukaa. Nikimaliza, Shangazi hurudisha vitu vyake, humbusu mtoto, hutuambia tulale salama.