Maji ya Baba Mdogo

Nikisikia kundi la watu likicheka upande wa pili wa ukuta, mgongo wangu hujikunja wenyewe. Iwe harusini, iwe walimu wenzangu kwenye chumba chao, ni yale yale. Wenzangu husema nina kisirani. Kisirani ninacho, sikatai, lakini hili la kicheko lina historia yake, na leo nitawasimulia.

Nililelewa na baba mdogo Shabani na mkewe, mama mdogo Salima, kule Misigiri. Baba mdogo alilima mtama na alizeti kama kila mtu, lakini baada ya mavuno alifanya mazingaombwe. Niwaambie ukweli, mazingaombwe yenyewe yalikuwa ya kuhesabika, tena mengine hata mbuzi angeyagundua. Kilichowakusanya watu ni vichekesho vya katikati, wakati anajipanga kwa kiini macho kingine. Hakuna alichonunua. Masharubu yake yalikuwa manyoya ya mkia wa mbuzi yaliyobandikwa kwa ulimbo, na sharubu moja lilidondoka kila aliposema neno "heshima". Alikuwa na mkono wa mti ndani ya shati la mikono mirefu. Mimi nilitumwa kumpa mkono, unachomoka, nami nakimbia nao huku akinifukuza akidai kiungo chake. Mwisho alibeba ndoo kwa taabu, inamwelemea, anajikwaa, anaitupa kwa watu waliokaa mbele. Wanapiga yowe na kujifunika nyuso, kumbe ni pumba za mtama.

Kiini macho chake kikubwa kilikuwa mimi. Nilitoweka ndani ya kilindo, yaani lile pipa la gome la mti ambalo kwetu huhifadhiwa nafaka. Kilindo kililazwa ubavu, mimi naingia, mfuniko wa mbele unafungwa watu wanaona. Mfuniko wa nyuma uliegeshwa tu, ukitazama shuka lililotundikwa mlangoni pa ghala. Yeye akianza vichekesho, mimi nausukuma kwa miguu, napita chini ya shuka, natokea nyuma ya watu nikitafuna muwa. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Kisha tukahamishwa. Malori yalikuja, tukapelekwa kijiji kipya cha ujamaa pamoja na watu wa kila upande, wengi hatujuani hata kwa salamu. Kilindo cha zamani kilivunjika njiani. Mwenyekiti wa kijiji alipomwomba baba mdogo achangamshe sherehe ya mavuno ya kwanza ya shamba la pamoja, yeye akaambua gome bichi la mti wa mtundu, akalikunja, akalishona, akaziba mishono kwa kinyesi cha ng'ombe ili mwanga usipenye. Mama mdogo, aliyemwita kwa jina langu, alimwambia, "Baba Mwajuma, gome hili halijatulia." Akajibu kwamba sherehe nayo haitasubiri gome.

Kilindo kilishinda juani tangu asubuhi. Zamu yangu ilipofika niliingia, mfuniko wa mbele ukagongwa ukakaa, nikajikunja na kusukuma wa nyuma kwa visigino. Haukutikisika. Nikasukuma tena kwa nguvu zangu zote. Gome lilikuwa linakauka kwa kujibana, likaishika mifuniko yote miwili.

Ndani kulikuwa na giza, joto na harufu ya kinyesi kibichi. Magoti yalikuwa kidevuni. Nikaita, "Baba! Mfuniko umekaza!" Watu wakacheka. Nikapiga gome kwa ngumi, wakacheka zaidi, maana hapo ndipo vichekesho vilipokuwa vikianza, nao walidhani nami nachekesha. Nikalia kwa Kinyiramba, nikamwita mama yangu aliyekwisha kufa. Wakapiga makofi. Kadiri nilivyokufa kwa hofu ndivyo nilivyozidi kuwafurahisha, na hewa ilikuwa inakwisha.

Halafu nikaisikia sauti ya baba mdogo, ya mzaha vile vile. "Ndugu wananchi, mtoto huyu nilimpanda leo asubuhi, hajaota! Leteni maji!" Mtu mmoja akajibu, "Mwagilia, mzee, aote!" Ndoo ikaja, watu wa mbele wakajifunika nyuso wakidhani atawamwagia wao. Mara nikasikia maji, maji kweli, yakitiririka ukingoni mwa mfuniko na kunilowesha kichwa. Alikuwa anamwaga polepole, anazunguka, huku akiwaimbisha watu wimbo wa palizi. Akaomba ndoo nyingine. Mimi ninakufa, yeye ananimwagilia kama mche wa nyanya! Nilimchukia mtu yule kwa roho yangu yote.

Mfuniko ukatoka. Nikavutwa nje nimelowa, kinyesi mashavuni, nahema kama kuku aliyekimbizwa. Wanakijiji walisimama kushangilia. Mwenyekiti alifuta machozi ya kicheko. Baba mdogo aliinama kuwashukuru, sharubu likadondoka bila yeye kusema neno lolote.

Jioni ile ile alikipasua kilindo kikawa kuni, na hakufanya tena mazingaombwe, hata watu walipombembeleza. Sikumsemesha kwa muda mrefu, isipokuwa shikamoo, ambayo kwetu hainyimwi mkubwa hata umekasirika vipi. Yeye aliitikia "Marahaba, mwanangu," akaendelea na jembe lake. Hakunieleza kitu.

Nilikuwa mwalimu tayari, nimehamishiwa Mitundu, niliponunua kilindo kipya cha kuwekea mtama. Siku moja ya jua kali mfuniko ukakataa kutoka. Nikaenda kuchukua shoka. Jirani yangu, Mama Neema, akanishika mkono. "Mwalimu, shoka litapita mpaka ndani. Gome hulilazimishi, unalilowesha." Akamimina maji ukingoni, polepole, akizunguka, akangoja, mfuniko ukalegea. Nikakaa chini pale pale uani. Mama Neema alidhani jua limenipiga.

Likizo ilipofika nilikwenda Misigiri, walikokuwa wamerudi kuishi baba mdogo na mama mdogo. Nikawaamkia, nikanywa uji, kisha nikamuuliza baba mdogo kwa nini siku ile hakupiga kelele watu wamsaidie.

"Wangekuja na mashoka," alisema. "Na wewe kichwa chako kilikuwa pale pale kwenye gome. Nikaona acha wacheke, wakicheka hawasogei."

"Na baadaye? Mbona hukuniambia? Nimekununia miaka."

"Ulikuwa mtoto. Ningekuambia umeponea chupuchupu, ungelala?"

Nikakumbuka kwamba kweli nililala fofofo usiku ule, nimenuna, nikipanga nikikua nimfungie yeye kwenye pipa. Kununa ni mto mzuri kwa mtoto, na yeye alikubali kuchukiwa ili mimi nipate usingizi.

Mama mdogo, aliyekuwa anapepeta mtama kibarazani, akadakia bila kuinua kichwa. "Wewe ulilala. Huyu ndiye aliyekesha. Kila mara anainuka, anakwenda kukuwekea kiganja puani aone kama unapumua."